Mzio na Namna ya Kuupunguza

Natumaini vikundi vimekwisha kaa, na mwandishi wa kila kikundi ameshika kalamu yake. Somo letu la leo ni juu ya mzio. Nimelitengeneza nikiwafikiria hasa watu wa bonde la Kilombero, wa Mofu na vijiji jirani mpaka Ifakara, wakulima wa mpunga na wavuvi. Lakini ninyi mlio mbali nao msizime redio, kwa sababu mavumbi yapo kila mahali, na nyuki hawana wilaya.

Nitaanza na mbu. Mgeni ametoka baridini, tuseme Makete, amekuja Mofu kununua mchele. Usiku amelala chumba kimoja na mwenyeji wake, na wote wawili wameumwa na mbu. Asubuhi mgeni ana mavimbe mikono yote, anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Mwenyeji hana kitu, hata hakumbuki kuumwa. Mbu ni wale wale, na mate waliyoyatia katika ngozi ni yale yale. Basi tofauti imetoka wapi?

Imetoka katika miili ya watu hao wawili. Lile vimbe si kazi ya mbu. Ni kazi ya mwili wa mgeni wenyewe, ambao umeyaona mate ya mbu kuwa ni adui mkubwa ukainuka kupigana nayo. Mwili wa mwenyeji umekwisha umwa mara nyingi mno tangu utotoni, hata umechoka na ugomvi huo. Watafiti wa Ifakara walipohesabu mbu katika kijiji cha Namwawala mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliona kuwa mtu mmoja huweza kuumwa mara mamia kwa mwaka na mbu wenye malaria, mbali na wale wasio nayo. Mwili gani utavimba kila mara kwa hesabu hiyo? Lakini angalieni hapa: kutovimba si kinga ya malaria. Mwenyeji asiyevimba naye huweza kupata homa.

Basi huo ndio mzio: mwili kukipiga vita kitu ambacho chenyewe hakina madhara makubwa, na mtu akaumia kwa vita ile kuliko kwa kitu chenyewe. Neno hili ni letu la zamani. Wazee walisema, "Samaki huyu ni mzio wangu," maana yake, nikimla ananidhuru, wala si lazima akudhuru wewe. Wakati mwingine walilitumia kwa maana ya mwiko. Waganga wa Ulaya walichelewa kulipata neno lao. Aliyelitunga ni daktari mmoja wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906.

Katika mwili mna askari. Kazi yao ni kuwajua maadui na kuwakumbuka. Wengine kati yao kazi yao kubwa ni kupigana na minyoo. Wakikutana na mdudu wa tumboni humwaga dawa yao moja, iitwayo histamini pamoja na nyingine, nayo huifanya mishipa midogo ya damu kufunguka, ngozi kuwasha, kamasi kutiririka, na njia za pumzi kubana. Kwa mnyoo hiyo ni silaha nzuri. Taabu huja askari hao wanapokosea, wakalidhania vumbi la mpunga, au sumu kidogo ya nyuki, au dawa ya hospitali, kuwa ni adui wa namna ile.

Tena askari hawa hawakosei siku ya kwanza. Mara ya kwanza hukitazama kitu na kukiweka katika kumbukumbu. Vita huja mara ya pili, au ya tano, au ya ishirini. Mfaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier waliliona jambo hili mwaka 1902. Walimpa mbwa sumu kidogo ya mnyama wa baharini, naye hakudhurika sana. Baada ya majuma machache walimpa tena, kidogo tu, wakitumaini kuwa amekwisha zoea. Mbwa akafa upesi. Kwa kazi hiyo Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mimi nawaomba mkumbuke yule mbwa kila mtu anaposema, "Dawa hii nilikwisha imeza mara mbili, haikunifanya kitu." Huenda ni kweli, lakini haitoshi kuwa ushahidi.

Sasa twende shambani. Masika yamekwisha, maji yamepungua bondeni, mpunga umekatwa. Watu wanapura, wanapepeta, magunia yanajazwa, mashine za kukoboa zinanguruma mchana kutwa. Na katika nyumba fulani kuna mtu ambaye kila mwaka wakati huo huo hupiga chafya kumi mfululizo, macho yake mekundu, pua inatoka maji meupe, na koo linawasha kwa ndani. Watu husema ana mafua. Lakini mafua huja na homa na uchovu, hukaa juma moja, yakaenda zake. Haya yanaanza na kupura, yanakaa miezi miwili, hayana homa, na Jumapili akikaa nyumbani hupata nafuu. Huo ni mzio wa vumbi. Mwenye kuupata utotoni mara nyingi ana mzazi au ndugu mwenye hali kama hiyo, au mwenye pumu.

Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani. Unapopepeta, simama upande unakotoka upepo, ili vumbi likukimbie. Funga pua na mdomo kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kazi ikiisha, oga na kubadili nguo kabla ya kuingia chumbani, wala usizitupe nguo zile juu ya kitanda. Mtoto mwenye kifua asilale katika chumba chenye magunia ya mpunga. Najua nyumba nyingi hazina chumba kingine wakati wa mavuno. Basi yafaa walau magunia yakae upande mmoja, yafunikwe turubai, na kitanda cha mtoto kiwe karibu na dirisha.

Kuna dawa nyingine ya bei ndogo kabisa, nayo ni maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya robo lita. Oshea pua kwa maji hayo asubuhi na jioni, ukiyavuta taratibu tundu moja kisha la pili, na kuyatoa. Yasiwe maji ya mtoni wala ya kisima yasiyochemshwa. Watu hucheka wakiisikia dawa hii, maana haina kopo wala karatasi yenye maandishi, lakini inaondoa vumbi lenyewe.

Mpunga ulionyeshewa na mvua ukaota ukungu ni jambo jingine. Akifungua gunia kama hilo, mtu huweza kuvuta vumbi la ukungu, na baada ya saa chache akapata kikohozi, baridi na homa, akadhani ni malaria. Akipimwa malaria haionekani. Mtu huyo amwambie mganga habari za lile gunia.

Mzio ukishuka kutoka puani mpaka kifuani ndipo huitwa pumu. Njia za pumzi hubana, kifua hulia kama filimbi, kikohozi huja usiku na alfajiri. Moshi wa kuni si mzio, lakini kwa kifua cha namna hii ni kama kuutia moto mafuta. Kama mna mtoto wa pumu, jiko litoke nje au chini ya kibanda kilicho wazi, na mwenye kuvuta sigara avutie mbali.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana watoto wanapotea kwa sababu ya maneno ya barazani. Watu husema, "Mtoto akianza kuvuta kile kichupa hataweza kukiacha, kichupa ni cha mtu wa kufa." Sivyo. Dawa ya kuvuta huingia moja kwa moja mahali penye ugonjwa, kwa hiyo hutumika kidogo sana kuliko kidonge. Ziko za namna mbili, nazo ni lazima uzijue kwa majina. Iko salbutamoli, ambayo hufungua njia za pumzi kwa dakika chache; hii ni ya kuokoa wakati wa kubanwa. Na iko ya kuzuia, ya jamii ya steroidi, ambayo huvutwa kila siku hata kama mtoto anacheza mpira, nayo hutuliza wale askari wasianze vita. Anayetegemea ile ya kwanza peke yake, tena kila siku, ugonjwa wake haujatulizwa; arudi kwa daktari.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta kichupa vizuri. Dawa huishia ulimini. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walionyesha kuwa chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, kama zile za maji ya kunywa, hufanya kazi sawa na kile chombo cha dukani cha kupitishia dawa. Toboa kitako cha chupa kwa kadiri ya mdomo wa kichupa cha dawa, ukichomeke kikaze, na ufunge pembeni kwa gundi au utepe, pasiwe na mwanya. Mtoto aweke midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza dawa mara moja, avute pumzi taratibu mara tano au sita, kisha bonyeza tena kama daktari alivyoagiza. Mwonyesheni mganga wa zahanati chupa yenu kabla ya kuitumia, aihakikishe.

Juu ya chakula nitasema machache. Wako watu ambao samaki, mayai, karanga au maziwa ni mzio wao. Alama yake ni kuwa jambo hutokea upesi, ndani ya dakika au saa mbili, tena hutokea kila mara: midomo huvimba, vipele vya kuinuka huenea, au mtu hutapika. Mtoto aliyeharisha siku moja baada ya kula kambale si lazima awe na mzio wa kambale. Msimnyime mtoto samaki na mayai kwa sababu ya siku moja, akakonda bure. Lakini kama pumzi ilibana, msimjaribu tena nyumbani.

Sasa, si kila kinachowasha ni mzio, na kosa hili hula fedha za watu wengi. Kama nyumba nzima inajikuna, hasa usiku, katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele, nao una mdudu wake na dawa yake. Wote wa nyumba watibiwe siku moja. Upupu una manyoya yanayochoma ngozi ya kila mtu, hauchagui. Wakati wa mvua huja taani mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi. Ukimponda juu ya ngozi, maji yake huunguza na kuacha mstari wa malengelenge. Huyo mpulize, usimponde, na osha mahali hapo kwa sabuni. Upande wa Ulanga, milima ya Mahenge, kuwashwa kwa miaka mingi kumekuwa alama ya usubi, ugonjwa wa minyoo iletwayo na inzi wadogo wa mito iendayo kasi. Dawa yake ni ivamektini igawiwayo vijijini. Na wazee mnaikumbuka klorokwini, ilivyowawasha watu mwili mzima mpaka wengine wakaitupa na kubaki na malaria yao. Kuwashwa kule kwa watu wengi hakukuwa mzio wa kweli, ingawa taabu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Dawa hiyo iliondolewa katika matibabu ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001.

Neti nayo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, neti za Zuia Mbu zilipoanza kuuzwa Kilombero na Ulanga, nimesikia lawama ile ile: neti mpya inachoma uso, basi mtu ameikunja ameiweka sandukuni, au amefunikia vifaranga. Dawa ya neti huchoma ngozi kidogo siku za kwanza, nao si mzio bali ni ukali wa dawa mbichi. Itoe katika mfuko, ianike kivulini kutwa na usiku mmoja, saa 24, kisha itundike. Isianikwe juani, maana jua huharibu dawa. Ukiguswa na neti usoni usiku, nawa kwa maji asubuhi. Kumwacha mtoto wa Mofu alale bila neti kwa ajili ya mwasho wa siku mbili ni biashara mbaya sana.

Nimeacha mwisho yale yanayoua, maana hayo yanataka muwe mmetulia.

La kwanza ni mzio wa ghafula. Mtu ameumwa na nyuki mmoja, au amechomwa sindano ya penisilini. Kabla ya nusu saa anawashwa viganja na mwili mzima, uso unavimba, sauti inakwaruza, kifua kinabana, anatapika, anaona kizunguzungu, anaanguka. Angalieni tofauti: aliyeumwa na nyuki mia huumia kwa wingi wa sumu, hata kama hana mzio, naye pia apelekwe hospitali. Lakini huyu ameumwa na mmoja tu. Dawa yake ni moja, adrenalini, sindano ya msuli wa paja, upesi. Piriton haiokoi mtu huyu. Hutuliza mwasho tu, wala haifungui koo wala kuinua mapigo ya damu. Mnapomtafutia chombo, mlazeni chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi ndiyo shida, mwacheni akae, lakini msimsimamishe wala kumtembeza, kwa kuwa watu wa namna hii huweza kufa wanaposimamishwa ghafula. Mwiba wa nyuki ukwaruzwe mara moja kwa ukucha. Akipata nafuu asirudishwe nyumbani saa ile ile, kwa sababu hali huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Najua kipindi cha kilimo jamaa wengi wa bondeni huhamia vibanda vya mashambani majuma mengi, mbali na zahanati, na njia zimejaa maji. Ndiyo sababu nawaambia kabla: mwenye kuwahi kuvimba mwili mzima kwa nyuki mmoja asiende kurina asali, wala asikae shamba la mbali peke yake, na wenzake wajue habari zake. Kamati ya kijiji iulize zahanati yao swali moja: adrenalini ipo leo? Ikiwa haipo, waulize tena juma lijalo.

La pili huja polepole, nalo ni mzio wa dawa za salfa. Fansidar ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa kwetu tangu 2001 mpaka ilipofuatwa na dawa mseto mwaka 2006, na dawa za jamii yake bado hupewa wajawazito kuwakinga. Septrin nayo ni ya ukoo huo. Watu wengi sana huzitumia salama, na mama mjamzito asizikimbie kwa kusikia maneno yangu. Lakini kwa watu wachache, siku kadhaa au majuma mawili matatu baada ya kumeza, huja homa, macho mekundu yanayouma, vidonda mdomoni na sehemu za siri, kisha ngozi huota malengelenge na kubambuka kama iliyoungua. Huyo aache dawa mara ile ile, na apelekwe hospitali kubwa, kama ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, si kupakwa majani wala kungojea soko la Jumamosi. Na akipona, asimeze tena dawa ya jamii hiyo maisha yake yote.

Hapo pana kazi ya kalamu. Watu husema, "Nilidhuriwa na kidonge cheupe." Vidonge karibu vyote ni vyeupe! Mwombeni daktari aandike jina la dawa iliyowadhuru, mwaka, na namna ilivyowadhuru. Maandishi hayo yakae katika kadi ya kliniki ya mtoto, au daftari la mtu mzima, na nyumba nzima ilijue jina hilo, kwa sababu siku ya kuzimia mgonjwa hasemi.

Piriton na setirizini ni dawa nzuri za chafya na vipele, zikitumiwa kwa kipimo. Piriton huleta usingizi. Usiimeze kisha ukapanda pikipiki, au ukaingia katika mtumbwi kuvuka Kilombero; mto ule una viboko na mamba, nao wanataka mtu mwenye macho. Mafuta ya kupaka ya bei rahisi, yanayosemwa kuwa huponya kila ugonjwa wa ngozi, mara nyingi yana steroidi kali. Mwasho hutulia siku tatu, na baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, ina mistari, na upele uliofichwa umeenea. Msiwapake watoto usoni.

Mwaka 1973, katika mafunzo ya redio ya Mtu ni Afya, vikundi vilikaa chini ya miembe vikasikiliza, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Kazi yenu juma hili ni ndogo kuliko kuchimba choo. Kila mmoja katika kikundi aseme kama kuna dawa, mdudu au chakula kilichowahi kumvimbisha, na mwandishi aandike. Ajulikane nani katika mtaa ana mtoto wa pumu, na kama ana chupa ya plastiki iliyotobolewa sawasawa. Tena mtu mmoja atumwe zahanati kuuliza habari za adrenalini, aje na jibu juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.